Arjun: mtoto mweusi mwenye jina jeupe

Hotuba kwa wazazi na walimu, Dar es Salaam

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na majirani zetu wa Kisutu na Upanga mliofika jioni hii, namaste, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie majina ya watoto yenye asili ya Kisanskriti. Sababu inajulikana. Kwenye rejista za madarasa yetu yamo mengi: Aditi, Rohan, Priya, Indira. Wazazi wa watoto wengine huuliza yana maana gani. Nikiyapitia yote tutakesha hapa, na kila jina litaambulia dakika moja, jambo ambalo ndilo hasa nimekuja kulipinga. Kwa hiyo nitakaa na jina moja tu, Arjun.

Ukitafuta maana yake kwenye simu utapewa neno moja: mweupe. Orodha nyingine huongeza mng'aro, au fedha, kisha hurukia jina linalofuata. Mzazi mmoja aliyesoma orodha ya namna hiyo aliniuliza kama mtoto huitwa Arjun ili kuusifia weupe wa ngozi yake. Swali lile limenikaa moyoni. Tunaishi katika mji ambao mtoto mweupe huitwa mzuri kabla hajafungua mdomo, na mwenzake mweusi ti husifiwa kwa neno "lakini": mweusi, lakini ana sura nzuri. Krimu za kuchubua ngozi zinauzwa hadi leo, nyingine zikiwa zimepigwa marufuku. Katika mji kama huo, kuuliza kama jina la mtoto linasifia weupe si kuuliza jambo dogo. Jibu langu ni hapana, na ushahidi ninao, tena wa kale. Naomba tuupitie taratibu.

Kisanskriti ni lugha ya kale ya Bara Hindi, lugha ya sala na ushairi, ya sarufi na hesabu. Wala si ngeni midomoni mwetu kama tunavyodhani. Sukari tunayotia kwenye chai, jina lake lilianzia huko, likapita kwa Waajemi na Waarabu ndipo likatua pwani. Pilipili nayo njia yake ni hiyo hiyo. Laki, hii laki ya shilingi tunayoitafuta kila mwisho wa mwezi, ni laksha ya Kisanskriti, mia elfu.

Neno arjuna, ndilo asili ya Arjun, tunalikuta kwenye Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo za ibada uliotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Nyimbo zile zilihifadhiwa vichwani, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi neno kwa neno, karne nyingi kabla hazijaandikwa. Katika kitabu cha 6, wimbo wa 9 unamwimbia Agni, mungu wa moto, na mstari wake wa kwanza unataja siku mbili: siku iliyo krishna na siku iliyo arjuna, zinazopokezana zamu bila kukoma. Krishna ni nyeusi. Arjuna ni nyeupe. Mshairi anasema habari za usiku na mchana, basi. Ngozi ya mtu haimo kabisa katika ubeti ule. Weupe wake ni ule tunaousema sisi kila siku: mchana kweupe. Nawaombeni myashike maneno haya mawili, krishna na arjuna, kwa kuwa tutayakuta tena yakiwa pamoja.

Mzizi wa neno ni kung'aa. Wataalamu wa lugha wanaunganisha arjuna na argyros ya Kigiriki na argentum ya Kilatini, maneno yote mawili yakiwa na maana ya fedha, ile madini. Kutokana na argentum nchi ya Ajentina ikapata jina, na wanafunzi wetu wa kemia wakapata alama ya Ag. Upo pia mti uitwao arjuna, unaomea kandokando ya mito ya India. Gome lake ni laini, la kijivu kinachoelekea weupe, na waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wamekuwa wakilitumia tangu kale kwa maradhi ya moyo.

Lakini mzazi wa Kihindu anayemwita mwanawe Arjun hawazi sana gome la mti wala madini. Anamuwaza mtu. Na mtu huyo jina lake lina siri.

Wanafalaki wa India ya kale waliigawa njia ya mwezi angani katika vituo 27. Viwili kati ya hivyo vinaitwa Phalguni, na nyota ya kituo cha pili ni ile inayong'aa kwenye mkia wa kundi la nyota liitwalo Simba. Katika Shatapatha Brahmana, andiko la makuhani linalofafanua kafara, imeandikwa kwamba vituo hivi viwili ni vya Indra, mfalme wa miungu, na kwamba jina lao la ndani ni Arjuni, kwa sababu Arjuna ndilo jina la siri la Indra mwenyewe. Sasa nenda kwenye Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Arjuna wa utenzi ule ni mwana wa malkia Kunti, aliyempata kwa Indra, na alizaliwa mwezi ukiwa katika Phalguni. Anayeyasoma maandiko hayo mawili kwa pamoja anaona kilichofanyika: mtoto amepewa jina lile ambalo baba yake alilificha. Hakuna orodha ya majina iliyowahi kunieleza jambo hilo, nami naliona zito kuliko neno "mweupe" mara mia.

Siri ya jina ilikuwa pia desturi ya watu wa kawaida. Vitabu vya kale vya taratibu za nyumbani vinataja jina ambalo baba na mama tu walilijua, mpaka mwana atakapopelekwa kwa mwalimu. Vitabu hivyo hivyo vina masharti makali. Jina la mvulana liwe na silabi mbili au nne, la msichana liwe na silabi zisizogawanyika kwa mbili. Hesabuni wenyewe: Ar-ju-na. Tatu. Jina la shujaa mkubwa kuliko wote halikidhi sharti la wavulana, na kwa karne zote hizo hakuna aliyelikataa kwa sababu hiyo. Napenda wazazi wetu walijue hilo, hasa wale wanaokosa usingizi kwa masharti ya majina.

Hapa kwetu, Wahindu wengi ni wenye asili ya Gujarat, na kwao jina hutolewa na dada wa baba. Yaani shangazi. Mila nyingi za bara letu zinamjua shangazi na uzito wake, kwa hiyo hapo hatuhitaji mkalimani. Usiku wa sita baada ya kuzaliwa, karatasi tupu na kalamu huwekwa karibu na mtoto, taa ikiwaka, kwani inaaminika kuwa usiku huo mungu Vidhata anakuja kumwandikia majaaliwa yake. Kwenye shughuli ya jina, jirani yangu mmoja alinialika nami nikaona kwa macho yangu. Watoto wanne walishika pembe nne za kitambaa, mtoto mchanga akalazwa katikati kama kwenye bembea. Ndani ya kitambaa kulikuwa na majani ya mti wa pipali, yale yenye umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia, pamoja na popoo na sarafu. Wanawake wakaimba, watoto wakabembeza, na mmoja wa wale wanne, msichana mdogo, akawa anakaza mikono yote miwili asije akaiachia pembe yake. Shangazi akainama, akamnong'oneza mtoto jina sikioni. Mtoto akawa wa kwanza kulisikia. Sisi wengine tulilisikia baada yake.

Herufi ya mwanzo haikuchaguliwa hivi hivi. Mwezi ulipokuwa mtoto alipozaliwa ndiko zinakotoka herufi. Katika hesabu ya Wagujarati, aliyezaliwa mwezi ukiwa kwenye Mesh, ile tunayoiita sisi nyota ya Punda, hupewa jina la kuanzia na A, L au E. Kwa hiyo akina Arjun wengi mnaokutana nao, hasa katika familia zinazofuata nyota, ni watoto wa Punda. Familia nyingine siku hizi hazifuati, zinachagua jina wanalolipenda, na sioni kosa.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoijia.

Mahabharata ni utenzi wa beti zinazokaribia 100,000, umegawanywa katika vitabu 18. Katika kitabu cha 4, Arjuna analieleza jina lake kwa kinywa chake. Hebu fikirini bahati hiyo: tunatafuta maana ya jina, na mwenye jina yupo, anaulizwa, anajibu.

Ilikuwa hivi. Ndugu watano, Wapandava, wamepoteza ufalme katika mchezo wa dadu. Adhabu yao ni miaka 12 msituni na mwaka wa 13 wa kujificha katikati ya watu. Wakitambuliwa mwaka huo, wanaanza upya. Arjuna, mpiga upinde asiye na mfano, anajificha katika jumba la mfalme Virata akiwa amevaa nguo za kike, anaitwa Brihannala, anamfundisha binti wa mfalme kuimba na kucheza ngoma. Mikononi ana makovu ya kamba ya upinde. Anayafunika kwa bangili.

Maadui wanakuja kupora ng'ombe wa mfalme. Askari wako mbali, nyumbani amebaki mwana wa mfalme, kijana aitwaye Uttara. Anajigamba mbele ya wanawake kwamba angewafyeka wote peke yake, angepata tu mtu wa kumwendeshea gari la farasi. Anapewa Brihannala. Wanatoka. Uttara analiona jeshi, nywele zinamsimama, anaruka garini na kukimbia kurudi alikotoka. Arjuna anamfukuza, msuko wake mrefu ukiyumba mgongoni, nguo nyekundu zikipepea, na baadhi ya askari wa upande wa pili wanamcheka. Anamkamata, hamtukani. Anamwambia: wewe endesha, mimi nitapigana.

Anampeleka kwenye mti wa shami karibu na mahali pa kuchomea maiti. Huko juu ndugu watano walizificha silaha zao, zikiwa zimefungwa pamoja na maiti ili watu wasisogee. Uttara anapanda, anafungua, pinde zinang'aa machoni pake. Anauliza: wenyewe wako wapi? Mwalimu wa ngoma anamjibu: Arjuna ni mimi.

Kijana haamini, na nani angeamini? Anasema: nimesikia Arjuna ana majina kumi. Yataje yote, nami nitakusadiki. Arjuna anayataja: Arjuna, Phalguna, Jishnu, Kiriti, Shvetavahana, Bibhatsu, Vijaya, Krishna, Savyasachi, Dhananjaya. Na Uttara hatosheki. Nimpongeze kijana huyu, maana mwoga alikuwa, lakini swali lake ni bora kuliko orodha zote za simuni. Anasema: niambie kila jina ulilipataje.

Dhananjaya, anajibiwa, kwa sababu nilizishinda nchi nikatwaa mali zake. Vijaya, ushindi, kwa sababu sitoki vitani kabla sijashinda. Shvetavahana, mwenye farasi weupe. Kiriti, kwa taji nililovikwa na Indra. Phalguna, kwa nyota niliyozaliwa nayo. Bibhatsu ni zuri sana: kwa sababu sijawahi kutenda tendo la kuchukiza vitani. Savyasachi, kwa kuwa mkono wa kulia na wa kushoto yote inauvuta upinde wangu.

Kisha anafika kwenye Arjuna. Nawaomba walimu wanaoandika waandike hapa. Anasema kwamba katika dunia hii iliyozungukwa na bahari nne, rangi kama yake ni adimu, na kwamba matendo anayoyatenda ni meupe. Kwa hiyo wanamjua kwa jina la Arjuna. Rangi yenyewe ni ipi hasemi. Weupe anaoutaja kwa jina lake ameuweka kwenye matendo, na neno analolitumia kwa matendo hayo ni shukla, jeupe, safi. Kiswahili chetu kinamwelewa bila shida, kwa sababu sisi pia tunasema mtu ana moyo mweupe, na tukisema hivyo hakuna anayegeuka kutazama uso wake.

Jina analolieleza mwisho, la kumi, ni Krishna. Mweusi. Na hili analifafanua kwa upole kuliko yote. Anasema jina hilo alipewa na baba yake, kwa mapenzi, kwa kuwa alikuwa mtoto mweusi anayeng'aa.

Ndugu wazazi, nimeusoma ubeti huo nikauweka chini nikautazama. Arjuna alikuwa mweusi. Utenzi unamwita mara nyingi shyama, mwenye rangi iliyokoza. Baba alimtazama mtoto wake, akamwona jinsi alivyo, akampenda jinsi alivyo, akamwita Mweusi. Neno "lakini" halikuhitajika. Na mtoto huyo huyo alipokua, watu wakamwita Mweupe kwa aliyoyafanya. Majina yote mawili aliyachukua, akayataja moja baada ya jingine chini ya mti, bila kuona kuwa moja linalifuta jingine.

Wala hayuko peke yake. Rafiki yake mkuu, anayeabudiwa na Wahindu kama Mungu mwenyewe, ni Krishna, Mweusi. Mke wa ndugu wale watano, Draupadi, jina lake jingine ni Krishnaa, kwa irabu ndefu ya kike, mwanamke mweusi, na utenzi unamsifu kuwa mzuri kuliko wanawake wote wa zama zake. Mtunzi anayetajwa na utenzi wenyewe, Vyasa, anaitwa Krishna Dvaipayana, Mweusi aliyezaliwa kisiwani. Krishna na Arjuna wanapotajwa pamoja huitwa wakati mwingine Wakrishna wawili. Ondoeni watu weusi kwenye Mahabharata, mtabaki bila mtunzi, bila shujaa na bila malkia.

Sisemi kwamba India ya leo haina ubaguzi wa rangi ya ngozi. Inao, na krimu kule zinauzwa kama huku. Matangazo ya ndoa magazetini yameomba bibi harusi mweupe kwa miaka mingi. Ndiyo maana inaniuma kuona jina hili likitafsiriwa kwa neno moja, kwa sababu neno lile moja linawasaidia wale wauza krimu. Kama mwanao anaitwa Arjun na ni mweusi, na darasani wakamcheka kwamba jina halimfanani, mfundishe jina la kumi na mwambie nani alilitoa na kwa nini.

Yale maneno mawili ya Rigveda sasa yamerudi. Siku nyeusi na siku nyeupe, krishna na arjuna, zinazopokezana. Kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra wamepanda gari moja: Krishna ameshika hatamu, Arjuna ameshika upinde. Na hapo, mbele ya majeshi mawili, shujaa anawaona babu zake, walimu wake na binamu zake upande wa pili, na viungo vinamlegea. Mdomo unamkauka, ngozi inamwaka, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi. Anakaa chini garini, anakataa kupigana. Mazungumzo yanayofuata ndiyo Bhagavad Gita, beti 700, yaliyomo katika kitabu cha 6 cha Mahabharata. Kitabu kinachosomwa na Wahindu pengine kuliko kingine chochote kimeanzia kwenye mtu mwenye jina hili kusema siwezi. Mzazi anayemtakia mwanawe ushujaa kwa kumwita Arjun ajue kwamba amempa pia haki ya kutetemeka na kuuliza.

Na kuna doa. Mwalimu wa ndugu wale watano, Drona, alimwahidi Arjuna kwamba hatakuwapo mpiga upinde wa kumshinda. Akatokea kijana wa msituni, Ekalavya, aliyekataliwa kuwa mwanafunzi kwa sababu ya ukoo wake, akajifundisha mwenyewe mbele ya sanamu ya Drona aliyoifinyanga kwa udongo, akampita Arjuna. Arjuna alimkumbusha mwalimu ile ahadi. Drona akaenda akamdai Ekalavya ada ya ualimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana akakikata, akampa. Watu wengi wa tabaka la chini nchini India hawakisahau kidole kile, na mimi siwezi kulisifia jina la Arjun nikakificha. Mtunzi angeweza kukificha. Amekiacha kwenye utenzi, wazi, tukione.

Jina lilisafiri sana, nitapita haraka. Katika lugha nyingi za India ya kaskazini irabu ya mwisho imedondoka, Arjuna akawa Arjun. Wapunjabi wanasema Arjan, na ndilo jina la Guru wa tano wa Masingasinga, aliyekusanya maandiko yao matakatifu mwaka 1604 na kuuawa mwaka 1606. Kusini utasikia Arjunan. Tangu mwaka 1961 serikali ya India inawapa wanamichezo wake bora Tuzo ya Arjuna. Kisiwani Java, nchini Indonesia, kuna mlima Arjuno, wenye zaidi ya mita 3,300, na katikati ya Jakarta imesimama sanamu ya Arjuna na Krishna garini, farasi wakiruka mbele yao.

Wakati wa maswali, baba mmoja aliuliza kama Mwislamu au Mkristo anaweza kumpa mtoto jina hili. Nilimjibu kwa Java hiyo hiyo. Wajava walio wengi ni Waislamu, na kati yao wamo akina Arjuna, akina Bima na akina Wisnu, kwa sababu hadithi hizi wamekua nazo katika ngoma za vivuli usiku kucha. Ila ninawaomba hivi: ukilichukua jina la watu, chukua na hadithi yake. Kaa na jirani Mhindu, mwombe akusimulie. Hatakuchoka.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliuliza kuhusu tahajia, maana ana Arjun, Arjuna na Arjan katika darasa moja. Wote watatu wako sahihi. La muhimu ni jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lifuatwe herufi kwa herufi katika kila karatasi ya shule, na wakati wa kuita majina usiliongezee irabu katikati likawa Arijuni. Mtoto anasikia.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mjamzito aliyekaa nyuma: kama atakuwa wa kike je? Nalo lina jibu katika Rigveda. Kitabu cha 1, wimbo wa 49, unamwimbia Ushas, mungu wa kike wa alfajiri, na unamwita Arjuni. Mshairi anamwambia kwamba saa yake ikifika, ndege wenye mabawa, wenye miguu miwili na wenye miguu minne, wote huamka na kutoka. Jina la binti lipo, mama, tena limo katika nyimbo zilizotungwa karne nyingi kabla ya utenzi wa Arjuna. Asanteni sana kwa kunisikiliza.